Namba moja ya simu kwa wanachama 231

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa SACCOS yetu, tuna wanachama mia sita na ushee. Mwaka jana kijana mmoja alitutengenezea programu ya kutunza taarifa zao. Juzi natoa orodha ili tuwatumie watu ujumbe wa mkutano mkuu, nikakuta wanachama 231 wana namba moja ya simu: 2147483647. Wengine namba zao zipo ila zimekosa sifuri ya mbele. Fundi anasema ni virusi. Mhasibu wetu amesikia kuwa hiyo ni namba tasa ambayo wezi wa mitandaoni huitumia kufungia mafaili ya watu. Mwanangu wa kidato cha pili ameigawa kwa 3, kwa 7 na kwa 11, kila mara inabaki 1, na sasa hataki kulala. Je, tumeibiwa? Hiyo simu ni ya nani? Na kama kweli ni namba tasa, mtu anajuaje kwa namba kubwa kiasi hicho?"*

Marahaba, mama. Nianze na kinachokukosesha usingizi. Hamjaibiwa, hakuna kirusi, na 2147483647 si simu ya mtu aliyejipenyeza kwenye chama chenu. Lakini kuna kilichopotea kweli: namba halisi za watu hao 231 hazimo tena kwenye safu ya simu ya programu, na hakuna fundi atakayezichimbua humo. Mhasibu wenu amepatia nusu na kukosea nusu. Mwanao ndiye aliyenifurahisha, na sehemu yake nimeiweka mwishoni. Hiyo mtaisoma jioni bila haraka. Ya programu ni ya leo.

Kompyuta haihesabu kwa makumi kama sisi. Mfikirie muuza nafaka mwenye mizani ya mawe, ila mawe yake yamepangwa kwa namna yake: la kilo 1, la kilo 2, la 4, la 8, la 16, kila moja mara mbili ya lililotangulia, na analo moja tu la kila aina. Akiwa na matatu ya kwanza anapima uzito wowote kuanzia kilo 1 hadi 7: tano ni 4 na 1, sita ni 4 na 2, saba ni yote matatu. Nane hawezi mpaka apate jiwe la nne. Ndivyo namba inavyokaa ndani ya mashine. Jiwe lipo kwenye mizani au halipo, na nafasi ya kila jiwe huitwa biti. Mwisho wa uwezo wako siku zote ni moja pungufu ya jiwe ambalo huna. Kwa mawe matatu ni 8 toa 1. Kwa mawe 31 ni 2147483648 toa 1. Namba iliyowatisha ni mawe 31 yakiwa yote juu ya mizani kwa wakati mmoja. Chukua mbili 31, zizidishe pamoja, kisha toa 1. Kwa kifupi tunaandika 2³¹ − 1.

Fundi wenu alipotengeneza safu ya namba za simu, aliiambia kanzidata, yaani ghala la taarifa za programu, kwamba humo zitakaa namba nzima za kawaida. Namba ya aina hiyo hupewa biti 32, moja ikitumika kutofautisha chanya na hasi, na 31 zilizobaki ndizo mawe. Sasa chukua namba ya simu iliyoandikwa kwa 255 mbele. Mbele ya kompyuta hiyo si simu, ni bilioni 255 na zaidi, wakati dari, yaani namba kubwa kuliko zote inayoweza kuingia humo, ni bilioni mbili na kidogo. Kanzidata ya MySQL, ambayo naamini ndiyo mnayotumia, ikiachwa bila ukali haikatai namba iliyozidi. Inaandika dari yenyewe, inatoa onyo dogo ambalo hakuna anayelisoma, na kazi inaendelea. Tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015 ukali huo huwashwa tangu mwanzo na namba kama hiyo hukataliwa, lakini wapo mafundi wanaouzima kwa sababu unawasumbua.

Hii inaeleza pia zile sifuri zilizopotea. Aliyeandikishwa kwa 07 au 06 namba yake ina tarakimu kumi, na sifuri ya mbele kwa hesabu haina thamani, hivyo huondolewa. Inabaki namba ya milioni mia sita au mia saba na kitu, ambayo iko chini ya dari na inaingia bila shida. Usiniamini kwa maneno. Toa kabatini fomu za karatasi za watu kumi kati ya wale 231. Natarajia ukute zote zimeandikwa 255 au +255. Ukikuta hata tatu zimeandikwa 07 kama kawaida, basi nimekosea na tatizo lenu ni jingine, niandikie tena.

Kwa fundi sitakuwa mkali sana. Kosa hili wamelifanya wengi, nami nimo. Niliwahi kuliweka kwenye mfumo wa ada wa shule moja na likagunduliwa na mzazi, si mimi. Linalonitia shaka ni hilo jibu la virusi. Fundi anayeifahamu kazi yake, akiiona namba hii, huitambua kama mtu anavyomtambua jirani yake.

Mhasibu naye ana haki ya kusikia kwamba habari ya namba tasa na ufungaji wa mafaili si uzushi mtupu. Namba tasa kubwa hutumika kweli kufunga siri mitandaoni, za benki na za wezi pia. Lakini zinazotumika kwa kazi hiyo zina mamia ya tarakimu, na nguvu yake iko katika kutojulikana na mtu mwingine. Namba ya tarakimu kumi ambayo kila mtengeneza programu duniani anaijua kwa kichwa haifungi hata kabati. Tena utasa wake hauhusiani kabisa na kuwa dari. Kuna safu kubwa zaidi zenye mawe 63, na dari yake ni 9223372036854775807. Hiyo si tasa, inagawanyika kwa 7 bila baki. Kompyuta haijali. Kwamba dari ya mawe 31 imeangukia kwenye namba tasa ni bahati tu.

Sasa mfanye nini. Kwanza kabisa, kabla ya mtu yeyote kugusa chochote, chukueni nakala ya kanzidata nzima na muiweke nje ya kompyuta hiyo. Pili, msitume huo ujumbe wa mkutano kwa orodha hiyo; wale wa sifuri iliyopotea mnaweza kuwarekebisha kwa kurudisha 0 mbele, lakini wale 231 namba zao zitafuteni upya: fomu za karatasi, simu yako mwenyewe, kundi la WhatsApp la wanachama. Muulize fundi pia kama programu ilikuwa ikitunza kumbukumbu za ujumbe uliotumwa. Wakati mwingine kumbukumbu hizo huhifadhiwa kama maandishi, na namba nzima ziko humo zimetulia.

Kisha safu yenyewe ibadilishwe. Fundi anaweza kupendekeza kuipanua iwe ya mawe 63, na ni kweli namba za 255 zitaingia, lakini sifuri za mbele zitaendelea kuliwa. Mimi nasema namba ya simu ikae kama maandishi. Kipimo changu ni chepesi: je, ipo siku utajumlisha simu ya mwanachama huyu na ya yule upate jibu lenye maana? Kama haipo, hiyo si namba ya hesabu, ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Atakayekwambia maandishi yataichelewesha programu, kwa watu mia sita hamtaona tofauti yoyote. Na jueni kwamba kubadilisha safu hakurudishi kilichokwisha katwa.

Hapohapo mkague na safu ya namba za NIDA, yaani za vitambulisho vya taifa, maana huko kuna hatari zaidi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na huanza na mwaka wa kuzaliwa. Ya mtu aliyezaliwa miaka ya elfu moja mia tisa na kitu huanza na 19, na hiyo inazidi hata dari ya mawe 63. Hata ukiikomboa ile biti ya alama ikawa jiwe la 64, dari ni 18446744073709551615, bado haifiki. Na kama mhasibu anazinakili kwenye Excel kama namba, Excel hutunza tarakimu 15 tu na tano za mwisho huwa sifuri, bila hata onyo. Nimeona orodha nzima za vitambulisho zikiishia 00000. Nazo ziwe maandishi.

Jambo moja ndilo litakaloamua kama mnahitaji mtu wa kuja ofisini. Muulize fundi: programu inamtambua mwanachama kwa nini, kwa namba yake ya uanachama au kwa simu? Kama ni kwa uanachama, mnayo kazi ya kuandika simu upya, basi. Kama ni kwa simu, wanachama 231 ni mtu mmoja machoni pa programu. Mmoja wao akibadilisha anuani, inaweza kubadilika ya wote. Akirejesha mkopo, fedha inaweza kuandikwa kwa mwingine. Chukua wanachama watano kati yao, linganisha stakabadhi zao za karatasi na kinachoonyeshwa na programu, shilingi kwa shilingi. Zikilingana, pumueni. Hata moja isipolingana, simamisheni kuingiza miamala kwenye programu, rudini kwenye daftari, mjulisheni afisa ushirika wa wilaya, na mtafute mkaguzi pamoja na fundi mwingine ambaye hakuhusika kuitengeneza. Hilo halitatuliwi kwa barua kama hii. Wala usinitumie faili la wanachama nilitazame. Taarifa zao zibaki kwenu.

Mkiwa na fundi, mwulizeni na hili: tarehe zinatunzwaje? Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na ile inayotumia mawe 31 itagonga dari hiihii Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Ni mbali, lakini chama kinachotoa mikopo ya nyumba ya miaka kumi na tano hukutana na tarehe hizo mapema, kwenye ratiba ya marejesho.

Haya, sasa ya mwanao.

Namba tasa ni ile isiyo na vigawo isipokuwa 1 na yenyewe. Njia ya wazi ya kujua ni kujaribu kuigawa, na hapo kuna nafuu ya kwanza: huna haja ya kujaribu mpaka bilioni mbili. Vigawo huja wawili wawili, kama 24 ilivyo 4 mara 6 au 3 mara 8, na mmoja kati ya wawili hao lazima usizidi kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha 2147483647 hakifiki 46341. Na ukishajaribu kwa 3 huna haja ya 9 wala 15, kwa hiyo zinazobaki ni namba tasa tu zilizo chini ya hapo. Ziko 4792. Kwa kikokotoo cha simu na uvumilivu, ni kazi ya wiki kadhaa. Inawezekana, ila inachosha.

Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi aliyefanya kazi Berlin na St. Petersburg, aliimaliza kazi hii bila kikokotoo, na jibu lake likachapishwa mwaka 1772: ni tasa. Hakugawa mara 4792. Na ufunguo alioutumia uko mlemle mwanao alimogusa.

Mwambie achukue 7, aandike mbili zikizidishwa: 2, 4, 8, 16, 32, 64. Kila moja aigawe kwa 7 na aandike baki. Atapata 2, 4, 1, 2, 4, 1. Zinazunguka, na mzunguko una hatua 3. Kwa namba 3 mzunguko una hatua 2, kwa 11 una hatua 10. Sasa 30 inagawanyika kwa 2, kwa 3 na kwa 10. Kwa hiyo kwenye hatua ya 30 mizunguko yote mitatu inakutana na baki ya 1, hatua ya 31 inatoa baki ya 2, ukitoa 1 inabaki 1. Hiyo ndiyo siri ya baki zake. Ajaribu na 31, 151 na 331, itakuwa vilevile. Lakini kwa 5 itabaki 2 na kwa 13 itabaki 10, kwa hiyo ule uajabu una mipaka.

Mfaransa Pierre de Fermat aliona mwaka 1640 kwamba kwa kila namba tasa isiyo 2, urefu wa mzunguko huo hugawanya namba hiyo ukishaitoa 1. Kwa 7 mzunguko ni 3, na 3 inagawanya 6. Kwa 11 ni 10, na 10 inagawanya 10. Shika hapo. Tuseme ipo namba tasa, tuiite t, inayogawanya 2³¹ − 1. Maana yake 2³¹ ukiigawa kwa t inabaki 1, yaani mzunguko wa t unatua vizuri kwenye hatua ya 31. Mzunguko unaotua kwenye 31 lazima urefu wake uigawanye 31, na kwa kuwa 31 nayo ni tasa, urefu ni 31 kamili; hauwezi kuwa 1, kwa sababu baki ya kwanza ni 2. Basi 31 inagawanya t toa 1. Na t ni witiri, hivyo t toa 1 ni shufwa. Kwa pamoja, 62 inagawanya t toa 1. Mpaka hapo karibu namba zote za kujaribu zimefutika, wala hatujagawa hata mara moja.

Kuna ungo wa pili, ambao uthibitisho wake atausubiri mpaka chuo: t ikigawanywa kwa 8 lazima ibaki 1 au 7. Ukiunganisha nyungo hizo mbili, zinazopita ni zile tu ambazo zikigawanywa kwa 248 zinabaki 1 au 63. Chini ya 46341, ukiiacha 63 yenyewe ambayo si tasa, namba za namna hiyo ni 372. Na nyingi kati ya hizo unaziona kwa macho kwamba zinagawanyika kwa 3 au 5 au 7, nyingine zinagawanyika kwa tasa kubwa zaidi, kwa hiyo zilizo tasa, yaani za kugawa kweli, hazifiki mia moja. Mwanao anaweza kuzimaliza likizo ya Juni.

Asije akadhani kila 2 ya namna hii ukiitoa 1 inazaa tasa. Mawe 11 yanatoa 2047, na hiyo ni 23 mara 89. Atazame jinsi 23 na 89 zote mbili, ukizitoa 1, zinavyogawanyika kwa 22. Mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha yake ya namba hizi mwaka 1644. Ya mawe 31 aliipatia, lakini aliweka na ya mawe 67, yaani 2⁶⁷ − 1, ambayo si tasa: mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alionyesha kuwa ni 193707721 mara 761838257287. Kuzidisha hizo mbili ni kazi ya dakika chache. Kuzitafuta kulimchukua miaka.

Ukizidisha namba yenu kwa 2³⁰ unapata 2305843008139952128, ambayo ni namba kamilifu: vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe ukivijumlisha unairudia yenyewe, kama 6 ilivyo 1 na 2 na 3. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba huenda hiyo ndiyo itakayobaki kubwa kuliko zote, kwa sababu namba hizi hazina faida na hakuna atakayehangaika kutafuta nyingine. Mwaka 2024 ilipatikana namba tasa ya familia hiihii yenye tarakimu zaidi ya milioni 41.

Mwanao asianze na 3 wala 7 tena. Aanze na 311, ambayo ni 248 na 63, ndiyo tasa ya kwanza inayopita nyungo zote mbili. Akigawa sawasawa atapata 6905092 na baki ya 35. Inayofuata ni 1303.